Kijana wa miaka 15 akikuangalizia watoto, malipo ya haki ni kiasi gani?

#1 Baba_Wawili
Wakuu, salaam. Kuna binti wa miaka 15 atakayekaa na watoto wawili Jumamosi. Mmoja ana miaka 5, wa pili miezi 9. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku. Humu tunatoka nchi tofauti, kwa hiyo tusitaje fedha ya mtu. Tuseme ujira wa saa moja wa yaya mtu mzima ni 100, kila mmoja atageuza kwake.

Hesabu yangu: kijana anapata nusu ya mtu mzima, yaani 50. Watoto wanalala saa 2 usiku, kuanzia hapo nusu ya nusu, 25, maana atakuwa kakaa tu. 50 x 2 + 25 x 3 = 175. Mtu mzima angechukua 500. Ni haki au nimebana sana?

#2 Tikitimaji
Nusu ya nusu! Mkuu wewe mhasibu au kinyozi? Nimekaa mbele kabisa, wataalamu waje.

#3 Shangazi_Mkali
Umebana mara mbili. Kwanza kwa umri, kama vile mtoto wa miezi 9 akilia anauliza cheti cha kuzaliwa cha anayembeba. Pili kwa usingizi. Unacholipia ni mtu wa kushika dhamana ya nyumba na roho mbili, jasho ni sehemu ndogo tu. Mlinzi wa usiku hakatwi nusu mshahara kwa sababu wezi hawakuja.

Panga hivi: msingi 70 kwa saa kwa mtoto mmoja aliyeacha nepi. Mtoto wa pili ongeza 15. Kama kuna wa chini ya mwaka mmoja ongeza 15 nyingine. Hapo ni 100 kwa saa, mara masaa 5 ni 500. Basi.

#4 Rula_na_Penseli
Kabla hatujagombana: hiyo 100 ya mtoa mada imepatikanaje? Wengi humu huchukua mshahara wa mwezi wa yaya, wanagawa kwa siku 30, kisha kwa masaa 24. Hilo ni kosa. Hakuna anayefanya kazi masaa 24. Anayefanya masaa 48 kwa wiki ana masaa 208 kwa mwezi (48 x 52, gawa kwa 12). Ukigawa kwa 720 badala ya 208 unapata namba iliyo chini ya theluthi ya ile sahihi.

#5 Baba_Wawili
Nimegawa kwa 30 kisha kwa 24. 😅

#6 Tikitimaji
Kinyozi.

#7 Rula_na_Penseli
Basi saa ya kweli ya mtu mzima ni kama 346 kwa kipimo chako, sio 100. Ile 175 yako ya jioni nzima ni sawa na nusu saa ya mtu mzima. Binti angekaa masaa matano kwa ujira wa dakika thelathini.

Kuanzia hapa tukisema 100 tumaanishe hiyo saa sahihi, la sivyo uzi utavurugika.

Na bado kuna jambo. Mwenye mshahara wa mwezi ana uhakika wa masaa. Wa kuitwa mara mojamoja hana. Saa ya kibarua cha kuitwa kwa kawaida huwa juu kuliko saa ya ajira ya kudumu, kwa sababu hajui lini ataitwa tena, na akiwa kwako hawezi kuwa kwingine. Kwa hiyo hata 100 ni sakafu tu.

#8 Mzee_Kijicho
Rula umesahau upande wa pili. Yaya anayelala kwa mwajiri anakula na kulala hapo. Hiyo ni sehemu ya malipo yake, lazima uiongeze kabla ya kugawa. Na masaa yake mara nyingi yanazidi 48. Ukiongeza juu na chini, jibu linasogea tena.

#9 Rula_na_Penseli
Kweli. Vyote viwili viingie: juu ongeza thamani ya chakula na malazi, chini weka masaa halisi anayokuwa kazini, yakiwemo ya kuamka usiku. Kwa kawaida havifutani, lakini kila mtu apige yake.

#10 Kifungu_Kidogo
Naongeza upande wa sheria. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1973, unaweka umri wa chini wa kazi kuwa miaka 15, na unaruhusu kazi nyepesi kuanzia 13 hadi 15, mradi isidhuru afya wala kuingilia shule. Nchi iliyotumia kiwango cha chini zaidi (miaka 14) inaweza kuruhusu 12 hadi 14. Kwa hiyo miaka 15 kwa jioni ya Jumamosi haina tatizo kwenye mkataba huo, ila sheria ya nchi yako ndiyo inayokufunga. Kisha kuna mkataba namba 189 wa 2011 wa wafanyakazi wa majumbani, ambao unamlinda huyu binti kwenye ujira.

#11 Wakili_Bila_Koti
Nakurekebisha #10 hapo mwisho. Namba 189, kifungu cha 1, unamwondoa anayefanya kazi za nyumbani mara mojamoja au kwa nadra bila kuifanya ndiyo riziki yake. Jioni moja haimwingizi. Akija kila wikiendi mwaka mzima, hapo mjadala ni mwingine.

Marekani nao wana mstari kama huo. Marekebisho ya sheria ya ujira ya 1974 yaliwaingiza wafanyakazi wa majumbani, lakini yakamwacha nje mwangalizi wa watoto wa mara mojamoja. Kanuni zao zikaweka kipimo kizuri: kazi nyingine za nyumbani zikizidi asilimia 20 ya muda wake, huyo si mwangalizi wa watoto tena.

#12 Kifungu_Kidogo
Umenisahihisha vizuri, asante.

#13 Shangazi_Mkali
Hiyo asilimia 20 muichukue hata kama hamko huko. Masaa 5 ni dakika 300, kwa hiyo kazi za pembeni zisizidi dakika 60. Na tutenganishe. Kuosha chupa ya mtoto, sahani walizolia na kufuta walipomwaga ni sehemu ya ulezi. Sufuria mlizoacha mchana, kupiga pasi na kudeki sebule sio. Ukitaka hizo, taja mapema na uweke bei yake. Kosa la kawaida ni kumwambia mlangoni, viatu mmeshavaa, "na ukipata nafasi vyombo vile pale." Kijana hawezi kumkatalia mtu mzima.

#14 Mzee_Kijicho
Shangazi, turudi kwenye 500 yako. Ukimlipa wa miaka 15 sawa na mtu mzima, nitamchukua mtu mzima. Punguzo la umri si dharau, ni bei ya kukosa uzoefu. Mimi naweka miaka 13 na 14 asilimia 55, miaka 15 na 16 asilimia 70, miaka 17 asilimia 85. Bila nyongeza za nepi. Hapa ni 70 x 5 = 350.

#15 Shangazi_Mkali
Na wa miaka 16 aliyelea wadogo zake watatu unampa sawa na wa miaka 15 asiyejua kufunga nepi? Umri sio ujuzi. Mpime, usihesabu mishumaa ya keki.

#16 Nesi_Zamu
Kupima ndiyo hoja. Kabla ya bei, muulize maswali manne akuonyeshe kwa mikono, sio kwa mdomo:

Mtoto wa miezi 9 analazwaje? (Chali, bila mto wala blanketi zito karibu na uso.)
Maji ya kuoga unayapimaje? (Kwa kiwiko au upande wa ndani wa mkono, na humwachi mtoto majini hata kwenda kufungua mlango.)
Akipaliwa na kitu, akashindwa kulia na kukohoa, unafanya nini?
Unampigia nani kwanza, na namba iko wapi?

Akikwama kwenye la tatu, tatizo sio bei.

#17 Tikitimaji
La tatu najua. Unamkumbatia kwa nyuma unabonyeza tumbo.

#18 Nesi_Zamu
Hapana! Hiyo ni kwa aliyevuka mwaka mmoja. Wa chini ya mwaka habonyezwi tumbo, unaweza kumuumiza ndani. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Hakikutoka, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua mara 5 kwa kitako cha kiganja kimoja. Rudia huku msaada ukiitwa. Akilegea na kupoteza fahamu, anza kumhuisha. Na usichokonoe koo kwa kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani.

Kwa hiyo Baba_Wawili, binti asiyejua hili asiachwe peke yake na wa miezi 9. Aje mara tatu mkiwa nyumbani, ashike yeye huku nyie mkiwa chumba cha pili. Malipo ya hizo siku ni kama asilimia 60 ya kiwango chake, maana dhamana bado ni yenu. Ila ni malipo, sio "njoo ujifunze."

#19 Baba_Wawili
Nimekusoma Nesi. Hilo la kuja mapema sikulifikiria kabisa. Vipi hiyo ya usingizi? Shangazi anasema kamili, moyo wangu bado unasita.

#20 Kipima_Joto
Mimi niko katikati. Watoto wote wakilala mfululizo zaidi ya saa moja, robo inapungua: 75 badala ya 100. Akiamka mmoja, saa hiyo yote inarudi kuwa kamili. Kwa kiwango cha Shangazi: 100 x 2 + 75 x 3 = 425. Mlinzi wa usiku haruhusiwi kusoma kwa mtihani akiwa lindoni, binti anaruhusiwa. Hiyo ni faida yake.

#21 Rula_na_Penseli
Kwenye karatasi inapendeza. Ila nani anashika saa? Umemwekea mtego. Mtoto akigeuka kitandani saa 3:10, kwake ni "ameamka", kwako ni "amegeuka". Na kwa upande mwingine, ukitoa bei ya juu kwa watoto walio macho, unamlipa achelewe kuwalaza. Bei moja inaziba midomo yote miwili. Kama unataka punguzo la usingizi, liweke ndani ya bei moja tangu mwanzo, mfano 90 kwa saa zote, msihesabu tena.

#22 Kipima_Joto
Kwa hiyo unakubali usingizi una punguzo 😀

#23 Rula_na_Penseli
Nimekubali kuwa wewe ni mbishi.

#24 Mama_Pacha
Wanaume mmekaza na kikokotoo, mmesahau saa inaanza lini. Saa inaanza anapofika kwa muda mliomwambia, sio mnapotoka. Makabidhiano ya mtoto wa miezi 9 ni dakika 20 hadi 30: maziwa kiasi gani na saa ngapi, dawa kama ipo, nepi ziko wapi, anatulizwaje. Hizo ni kazi. Muda ukipita, unapanda hadi nusu saa inayofuata. Dakika 10 za ziada ni nusu saa.

Kuchelewa bila taarifa, kuanzia saa mliyoahidi, ni mara moja na nusu. Anayepiga simu saa moja kabla analipa kawaida, ikiwa binti na mzazi wake wamekubali. Kiwango cha chini cha kuitwa ni masaa 3 hata ukirudi baada ya 2. Na ukighairi chini ya siku moja kabla, nusu ya ile ya masaa 3. Ameshafika mlangoni, lipa masaa 3 yote.

#25 Mzee_Kijicho
Mara moja na nusu? Hii ni ajira au uchumba?

#26 Mama_Pacha
Uchumba hauna saa ya kurudi, ndiyo tofauti. Pia andikeni muda kwa maandishi. "Nitarudi saa tano" kuna atakayesikia masaa matano kuanzia sasa, kuna atakayeangalia simu inayoandika 23:00, kuna wa 5:00. Andika "saa tano usiku, 23:00".

#27 Kamusi_Hai
Na tafadhali, wingi wa saa ni saa. "Masaa" mmeyatoa wapi?

#28 Tikitimaji
Mkuu, kwa mujibu wako nikisema "nitakaa saa tano" nimesema nini? Ndiyo maana watu wametafuta masaa.

#29 Kamusi_Hai
"Muda wa saa tano." Haya, endeleeni na bei.

#30 Mpwa_wa_Watu
Mnajadili kama vile kijana atapangiana na ninyi. Hatapanga. Ukimuuliza "unataka kiasi gani?" atajibu "yoyote tu." Sio kwamba yoyote inamtosha, ni kwamba hajafundishwa kumtajia mtu mzima bei usoni. Kisha mkubwa anasema "nitakupa chochote kitu", na hicho chochote kinapatikana kwenye mfuko wa shati mwisho wa usiku, kilichobaki baada ya matembezi.

Njia inayofanya kazi: mwenye watoto anataja namba kwanza, kwa ujumbe, ikiwa na masharti (saa, watoto, kazi za pembeni, nauli). Mzazi wa kijana aone ujumbe huo. Kisha mpe kijana usiku mmoja wa kufikiri na umwambie wazi kuwa anaweza kurudi na namba nyingine. Kwa maandishi ataweza, usoni hataweza.

#31 Shangazi_Mkali
#30 umesema kuliko sisi wote.

#32 Mzee_Kijicho
Ila ukimwachia ataje, wengine wanataja namba za ajabu walizoziona mtandaoni. Ulizia familia tatu za jirani wanalipa nini, chukua ya katikati. Bei ya haki ni ile inayolipwa pale mlipo.

#33 Rula_na_Penseli
Familia tatu zikiwa zote zimegawa kwa 24 je? Utapata ya katikati ya makosa matatu.

#34 Mama_Pacha
😂😂 Na jirani mwenye mtoto mmoja wa miaka 7 hawezi kukupa bei ya wa miezi 9. Ukiuliza bei, uliza na umri wa watoto, idadi na saa za kurudi, la sivyo umeuliza bei ya "gari".

#35 Jirani_Mwema
Je, tukiungana familia mbili, watoto nyumba moja, tugawane ile ile?

#36 Shangazi_Mkali
Mkigawana ile ile mmempunja, kazi imekua. Kila familia itoe asilimia 60 hadi 65 ya bei ya kawaida. Binti anapata 120 hadi 130, nyie mmepunguza theluthi na zaidi. Lakini kwa wa miaka 15 watoto wasizidi watatu, na mchanga awe mmoja tu. Hapo hata ukilipa 300 hauongezi mikono.

#37 Mpwa_wa_Watu
Na kama ni mpwa au binamu? Maana huko ndiko wengi wanakoumia.

#38 Mzee_Kijicho
Ndugu halipwi. Ndugu anashukuriwa.

#39 Mpwa_wa_Watu
Anashukuriwa mara ya kwanza. Mara ya sita ni kibarua bila ujira. Kama hutaki kumlipa ndugu kwa saa, taja mapema kitu kimoja kinachohesabika: ada ya kozi fulani, kiatu fulani cha shule, baada ya jioni ngapi. "Tutaona" sio malipo.

#40 Nesi_Zamu
Halafu pesa iingie mkononi mwake, usiku huo huo, ikiwa kamili. Andaa chenji mchana. Ukituma kwa simu, ongeza makato ya kutolea. Mzazi wake akitaka zipitie kwake, sawa, lakini kijana aandikiwe kiasi kilicholipwa. Kuna "nitakutunzia" ambazo hazijawahi kutunzuliwa.

#41 Kamusi_Hai
"Kutunzuliwa" halipo kwenye kamusi yoyote.

#42 Nesi_Zamu
Na pesa zenyewe hazipo. Linafaa.

#43 Baba_Wawili
Nimejumlisha. Kwa kipimo sahihi, Mzee 350, Kipima 425, Shangazi 500, na ukiweka nusu saa ya makabidhiano ya Mama_Pacha Shangazi anafika 550. Mimi na ile 175 yangu nilikuwa kwenye 51. Chakula atakachokula nikitoe humo?

#44 Tikitimaji
Kinyozi amerudi!

#45 Mama_Pacha
Usikitoe. Amekuwepo saa ya kula kwa sababu yako. Mwambie tu kipi kisiguswe, na umpe neno la siri la intaneti. Simu mezani watoto wakiwa macho, wakilala ni yake.

#46 Mzee_Kijicho
Mimi sijahama 350, ila nakubali makabidhiano yahesabiwe. 385.

#47 Kipima_Joto
Mzee amepanda! Tupige picha.

#48 Nesi_Zamu
Baba_Wawili, kabla hujamtumia namba yoyote: saa tano usiku binti anarudi kwao na nani? Mmoja wenu abaki na watoto, mwingine amfikishe mpaka mlangoni, mzazi wake akijua. Kama hilo haliwezekani, alale kwenu kwa makubaliano na mzazi wake, au mrudi mapema.

#49 Baba_Wawili
Nitampeleka mwenyewe, ni dakika 20. Hizo nazo nazilipia?

#50 Shangazi_Mkali
Ndiyo. Kazi inaisha akiwa kwao.

#51 Rula_na_Penseli
Hapana. Usafiri ni gharama yako, sio saa yake ya kazi. Mtu mzima hulipwi ukiwa kwenye basi.

#52 Mama_Pacha
Mtu mzima huchagua basi lake na saa yake ya kuondoka. Huyu anasubiri mpaka upate funguo za gari.